Jirani ananiita kokasi, na mimi sijapiga kura hata mara moja

*Naishi Brooklyn Park, Minnesota. Niliapishwa uraia mwaka jana na bado sijapiga kura yoyote. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, zamu ya saa tisa alasiri hadi saa tano usiku. Jirani yetu Mliberia, mtu mwema sana, ananiomba nije kwenye kokasi, kikao cha chama chake cha siasa, mwezi wa pili nimuunge mkono mgombea wake. Anasema haitachukua muda. Mimi nina hofu. Kiingereza changu cha kusimama mbele ya watu si kizuri. Kwenye runinga nimeona watu wakisimama makundi makundi ukumbini kama mlolongo wa nyumbani Kenya, kila mtu anakuona uko na nani. Kadi ya chama sina. Mume wangu bado ana grini kadi na anataka twende wote. Na nikishaenda huko, si nitakuwa nimepiga kura tayari? Mwezi wa kumi na moja nitaruhusiwa tena? Nisaidie kabla sijamjibu jirani.*

Hongera kwa kiapo, dada. Barua yako nimeisoma mara mbili, na naona hofu zako zote zina mzizi mmoja: unaogopa kuingia chumba kile ukafanya jambo lisilorudi nyuma, mbele ya watu, kwa lugha isiyo yako. Nimehudhuria kokasi nyingi katika jimbo hili na mbili nimeziendesha mwenyewe. Karibu kila unachokiogopa ama hakipo, ama kipo lakini ni kidogo kuliko unavyodhani. Liko moja la kuogopa kweli, nalo ni la mume wako. Nitalifikia.

Nianze na la kura, kwa maana ndilo linalowabakiza wengi nyumbani. Kokasi si uchaguzi. Ni kikao cha chama, ambapo watu wa mtaa huchagua wajumbe wa kwenda kwenye mikutano ya chama. Sheria ya Minnesota inavitaka vyama vikubwa viite wafuasi wao, eneo kwa eneo la kupigia kura, katika kila mwaka wa uchaguzi wa jimbo, lakini wanaokiendesha ni watu wa chama wanaojitolea, kwenye madarasa ya shule na kumbi za makanisa. Karani wa uchaguzi hayupo, wala mashine ya kura. Safari hii ni Jumanne tarehe 3 Februari 2026. Kura yenyewe ya mchujo, ile ya serikali, ni tarehe 11 Agosti, na uchaguzi mkuu ni tarehe 3 Novemba. Hizo zote mbili unazo, hazijaguswa. Unachokatazwa ni kimoja tu: kushiriki kokasi za vyama viwili ndani ya mwaka mmoja.

Kura ya kumtafuta mgombea wa urais nayo imekwisha kuondolewa mikononi mwa kokasi hapa kwetu. Mwaka 2016 watu walijaa hadi foleni zikatoka nje ya majengo, na mwaka huo huo wabunge wa jimbo wakapitisha sheria ya kurudisha kura ya mchujo ya urais, ikaanza kutumika 2020. Ulichokiona kwenye runinga, watu wamesimama pembe hii na ile na mtu anawahesabu kwa kidole, bila shaka ni Wademokrat wa Iowa, jirani zetu wa kusini. Huko ndiko mgombea wa urais aliyekosa asilimia 15 ya watu waliomo chumbani alihesabiwa ameshindwa hapo, na wafuasi wake wakaanza kubembelezwa na makundi mengine. Mwaka 2020 programu yao ya kutuma matokeo iliharibika, nchi nzima ikakaa siku kadhaa bila kujua nani ameshinda, na kufikia 2024 Wademokrat hao walikuwa wanakusanya chaguo la rais kwa kadi zinazotumwa kwa posta. Kwa hiyo ndugu zetu Wakongo walioko Iowa City na Des Moines wakikusimulia ya kwao, sikiliza, lakini usidhani ndiyo yatakayokukuta Brooklyn Park.

Sasa huko ndani hufanyika nini?

Nikusimulie kokasi yangu ya kwanza. Niliambiwa ni saa moja jioni, na mimi nikafika saa moja kasorobo nikiwa nimevaa suti. Theluji ilikuwa hadi kwenye vifundo. Mlangoni palikuwa na ramani imebandikwa kwa selotepu, kila mtu anatafuta nambari ya eneo lake, na mimi nikaingia chumba kisicho changu, nikakaa dakika ishirini nzima nikipiga makofi na watu wa mtaa mwingine. Nilipopata chumba changu, kilikuwa darasa la watoto wa miaka minane. Viti vilikuwa vya watoto. Tulikuwa watu watatu: mimi na suti yangu, magoti yakigusa kidevu, kijana wa chuo, na mama mmoja mzee mwenye kofia ya sufu aliyoisuka mwenyewe. Yule mama akafungua bahasha kubwa ya kahawia, akasoma: eneo letu lina nafasi nane za wajumbe. Akatutazama. "Nani anataka kuwa mjumbe?" Tukanyoosha mikono wote watatu, na yeye wa kwanza. Nafasi tano zikarudi ndani ya bahasha zikiwa tupu.

Mpaka leo nikiulizwa kokasi ni nini, mimi huona zile nafasi tano. Huko nyumbani, ukitaka kuwa mjumbe wa kumpitisha mgombea lazima uwe umekitumikia chama, unajulikana, una watu wako. Watanzania walipokuwa wakitaniana mwaka 2020 kwamba "wajumbe si watu", baada ya waheshimiwa kuangushwa kwenye kura za maoni za CCM, walikuwa wanamsema mtu mwenye nguvu kwelikweli. Hapa nguvu ile ile hugawiwa kwa anayefika, na mara nyingi wanaofika hawatoshi. Kila eneo hupewa idadi ya wajumbe kulingana na kura ambazo chama kilipata pale katika chaguzi zilizopita. Ukumbi ukiwa na watu wachache kuliko nafasi, hakuna shindano. Unasema unataka, jina lako linaandikwa, basi.

Na mjumbe anafanya nini? Anakwenda kwenye mkutano wa wilaya ya seneta wa jimbo, kwa kawaida Jumamosi moja kati ya Machi na Aprili, kwenye ukumbi wa michezo wa sekondari fulani. Huko ndiko chama hutoa baraka zake kwa mgombea wa ubunge wa jimbo. Kutoka huko huchaguliwa wachache wa kwenda mkutano wa jimbo la uchaguzi wa Kongresi na mkutano wa chama wa Minnesota nzima, unaompa baraka mgombea wa ugavana. Kwa DFL, chama cha Wademokrat, Wakulima na Wafanyakazi kama kinavyoitwa hapa tangu vyama viwili vilipoungana mwaka 1944, anayetaka baraka lazima apate asilimia 60 ya wajumbe. Warepublican nao wana ngazi kama hizo na kizingiti kama hicho.

Baraka hizo si hirizi, jirani yako asikudanganye. Mgombea aliyezikosa anaweza kwenda zake kwenye mchujo wa Agosti na kuwashinda waliobarikiwa. Mark Dayton alifanya hivyo mwaka 2010 akawa gavana. Tim Walz mwaka 2018 alikosa baraka za DFL, zikaenda kwa Erin Murphy, na Agosti akashinda. Lakini mwaka huo huo, upande wa Republican, Jeff Johnson aliyekuwa na baraka alimwangusha Tim Pawlenty, mtu aliyewahi kuwa gavana mihula miwili. Kwa ugavana, basi, ni bahati nasibu. Kwa kiti cha ubunge wa jimbo baraka zina uzito zaidi, kwa maana jina la mgombea halijulikani sana, hela ni kidogo, na orodha ya chama na watu wa kubisha milango huja pamoja na baraka. Kiti hicho ndicho kinachogusa mshahara wako. Ile bodi ya kuweka viwango vya kazi na malipo kwa wafanyakazi wa nyumba za wazee iliundwa na bunge la jimbo hili mwaka 2023. Na mmoja wa wabunge wanaowakilisha Brooklyn Park tangu uchaguzi wa Novemba 2024 ni Huldah Momanyi-Hiltsley, aliyezaliwa Kenya. Viti hivyo havianzi Novemba. Vinaanzia kwenye vyumba vyenye viti vya watoto.

Kuhusu mlolongo. Naelewa kwa nini mwili ulikusisimka. Mwaka 1988 nyumbani watu walipangwa foleni nyuma ya mgombea au picha yake, aliyepata asilimia 70 au zaidi akapita bila kura ya siri, na mistari mifupi ikatangazwa kuwa mirefu mbele ya macho ya waliokuwa wamesimama ndani yake. Aliyesimama mstari usiotakiwa alikuwa na sababu ya kuogopa chifu. Minnesota nayo wanatembea, ndiyo. DFL wana mtindo wao wa kugawa wajumbe ambao kwa Kiswahili naweza kuuita kokasi ya kutembea, na utakutana nao kama eneo lenu litakuwa na watu wengi kuliko nafasi, au baadaye kwenye mkutano wa wilaya. Tofauti ni mbili. Kwanza, anayekuona hana mamlaka yoyote juu yako: si bosi, si polisi, si serikali, ni watu wa mtaa wako. Pili, hesabu inafanywa mbele yenu, na unaweza kuihakiki kwa kalamu.

Hesabu yenyewe ni hii. Tuseme mko 40 na mnatakiwa kutoa wajumbe 5. Mnagawa 40 kwa 5, mnapata 8, na kama kuna baki mnapandisha hadi nambari nzima inayofuata. Hiyo 8 ndiyo nambari ya uhai. Watu wanasimama na kutangaza makundi: "Mimi naanzisha kundi la mgombea fulani," "Mimi la wauguzi na watunza wazee," "Mimi la ambao hatujaamua." Mnatembea. Kundi la kwanza linapata 17, la pili 12, la wasioamua 6, la watunza wazee 5. Yale mawili ya mwisho hayajafika 8, hayana uhai, kwa hiyo mnapewa muda wa kuhama. Hapo ndipo chumba huchangamka. Wenye makundi makubwa wanakuja na maneno matamu. Tuseme wasioamua na watunza wazee wanakubaliana kuungana, wanakuwa 11. Sasa gawanya: 17 kwa 8 ni wajumbe 2, anabaki mtu 1. 12 kwa 8 ni mjumbe 1, wanabaki 4. 11 kwa 8 ni mjumbe 1, wanabaki 3. Wametoka wajumbe wanne. Wa tano anakwenda kwa mwenye baki kubwa, yaani kundi la pili. Tazama kilichotokea: kundi la watu 17 na kundi la watu 12 yametoka sawa, wawili wawili, na wale wadogo waliokuwa wanaambiwa wamepoteza wana mjumbe wao. Mtu mmoja tu angetoka kundi la pili kwenda la tatu, nafasi ya tano ingehama naye. Kila mara nikiwaona watu wakiondoka mapema kabla ya hesabu kwa sababu "mimi mmoja nitabadilisha nini", huwa natamani kuwakimbilia kwenye maegesho.

Warepublican wao hawatembei. Huchagua wajumbe kwa kura ya kawaida ndani ya chumba. Na vyama vyote viwili mara nyingine hupitisha karatasi ya kupima upepo wa wagombea ugavana. Hiyo unaandika, unakunja, unatumbukiza.

Nisikupake mafuta, si kila kokasi ni ya amani. Tarehe 4 Februari 2014, pale Cedar-Riverside, Minneapolis, wafuasi wa wagombea wawili wa kiti cha ubunge walipigana ndani ya kituo cha jamii na kokasi ikavunjika kabla ya kuisha. Na mwaka 2025 DFL ya jimbo iliifuta baraka ambayo mkutano wa Minneapolis ulikuwa umempa mgombea umeya mwezi mmoja tu kabla, kwa sababu ya kasoro katika upigaji na kuhesabu kura. Binafsi sijaona ngumi hata siku moja. Nilichokiona mara nyingi ni uchovu, watu kubishana robo saa nzima juu ya koma katika azimio. Kama chumba kitakuchafukia roho, ondoka. Mlango haufungwi, na hakuna atakayekuuliza unaenda wapi.

Kiingereza sasa. Dada, unaweza kukaa mwanzo hadi mwisho na kusema maneno mawili tu: jina lako na anwani yako, mezani, unapojiandikisha. Hakuna anayelazimishwa kuhutubia. Kanuni za kikao ni zile zile unazozijua: mtu anatoa hoja, mwingine anaunga mkono, mwenyekiti anauliza wanaokubali, wanaokataa. Kama umewahi kuketi kwenye kamati ya kanisa au chama cha akina mama, umeshafuzu. Na ukitaka kusema jambo bila kusimama, andika azimio. Ni karatasi moja, jambo moja, sentensi mbili tatu: chama kitake kitu fulani kifanyike. Mwenyekiti atalisoma, watapiga kura, na likipita linapelekwa kwenye mkutano wa wilaya. Liandike nyumbani kwa utulivu, mpe mtoto wa shule akusahihishie tahajia. Nimewahi kuona azimio la mama mmoja mtunza wazee, mistari mitatu, limeandikwa kwa kalamu ya risasi nyuma ya risiti, likipita bila kupingwa, wakati la mwanasheria lenye kurasa mbili lilikuwa limeangushwa dakika tano kabla.

Kadi ya chama huhitaji. Minnesota hakuna mpigakura anayeandikishwa kwa chama. Unachoweka sahihi mezani ni tamko kwamba unakubaliana kwa jumla na misingi ya chama hicho, kwamba ulikiunga mkono uchaguzi uliopita au unakusudia kukiunga mkono ujao, na kwamba siku ya uchaguzi wa Novemba utakuwa na sifa za kupiga kura. Soma kabla ya kusaini. Ile karatasi hubaki na chama, na ukweli ni kwamba simu zitaanza. Watakupigia wagombea, watu wao, na wapwa wa watu wao. Kama simu zinakukera, usiandike nambari yako ya kazini. Itapitishwa pia bahasha ya mchango, kama harambee. Si lazima utie chochote, na hakuna anayesoma majina.

Kazini je? Zamu yako inagongana na kokasi kabisa, na jirani amekuambia "haitachukua muda" bila kufikiri hilo. Sheria ya jimbo inakupa haki ya kutoka kazini kwa ajili ya kokasi usipate adhabu, ila lazima umpe mwajiri taarifa ya maandishi angalau siku kumi kabla. Anaruhusiwa kukukata malipo ya saa ulizokosekana, hizo tu. Kwa tarehe 3 Februari, hakikisha barua imefika kabla ya tarehe 24 Januari. Weka nakala, au piga picha ukiwa umeishika mbele ya ofisi ya msimamizi, mimi ni wa zamani hivyo. Ukikataliwa baada ya kutoa taarifa kwa wakati, au saa zako zikaanza kupunguzwa, usigombane koridoni. Nenda na ile nakala kwa mwanasheria wa kazi au ofisi ya msaada wa sheria. Ukishindwa kabisa kupata nafasi, DFL huwa na fomu ya asiyeweza kufika, ambayo unaweza kuomba kufikiriwa kuwa mjumbe na kuambatisha azimio lako. Si sawa na kuwapo, ila ni bora kuliko kuhesabiwa huna haja.

Nimeahidi kufika kwa mume wako, na hapa naomba usome polepole.

Mwenye grini kadi anaweza kuandamana nawe, akakaa nyuma, akatazama. Asisaini lile tamko. Asipige kura yoyote mle ndani, hata ya kunyoosha mkono, hata wakimwambia "kaka, hii si kura ya serikali, usijali". Watu wema kabisa watamwambia hivyo, kwa nia njema, na wao hawatakuwepo siku ya mahojiano yake ya uraia. Fomu ya kuomba uraia inauliza wazi kama amewahi kujiandikisha au kupiga kura katika uchaguzi wowote wa Marekani, na kudai uraia usionao ni kosa linaloweza kumtoa mtu nchini. Kokasi ya chama haina uzito wa uchaguzi wa serikali, hilo ni kweli, lakini tamko lenye sahihi yake linalosema ana sifa za kupiga kura si karatasi ya kuchezea. Afike mezani aseme mapema, "Mimi ni mtazamaji." Huwa wanampa stika na kiti. Na kama kuna karatasi yoyote aliwahi kuisaini siku za nyuma, ofisi ya leseni au kwa kijana aliyemsimamisha nje ya duka akimwandikisha kura, msiulizane na marafiki wala msiniulize mimi. Nendeni kwa mwanasheria wa uhamiaji mwenye leseni, ana kwa ana, kabla hajatuma fomu ya uraia. Si mtu wa kujaza fomu, si mchungaji. Mwanasheria.

Jirani yako sasa. Umeandika kwamba ni mtu mwema, na ninaamini. Lakini naona unalibeba ombi lake kama deni, na hilo ndilo ningependa ulitue kabla ya tarehe 3. Wagombea huja kokasi na watu waliowasomba kwa gari, wanaambiwa wakae wapi, wanyooshe lini. Nimewaona wakina mama wetu wakitembezwa kutoka kundi hadi kundi na mtu mwenye orodha, na mwisho wa usiku hawajui wamemchagua nani. Mtu mzima aliyekula kiapo hafanyiwi hivyo. Ukifika pale na mgombea wa jirani humjui, simama na wasioamua. Kundi hilo lipo kihalali, linapata wajumbe wake likifika nambari ya uhai, na wagombea watakuja kukuomba badala ya wewe kuwafuata. Jirani atanuna wiki moja. Bado atakukwangulia theluji mlangoni.

Ukiniuliza mimi, ningekwenda, lakini kwa sharti. Kama unaweza kutoa jioni ile moja tu, na Jumamosi ya mkutano wa wilaya tayari unajua uko kazini, nenda ukajifunze, upeleke azimio, ila nafasi ya mjumbe mwachie mtu atakayefika. Mjumbe asiyetokea ni kiti kilichokufa isipokuwa mbadala wake amekuja, na nimeona baraka zikiamuliwa na waliobaki saa kumi jioni wakila pitsa baridi wakati wengine wameshakwenda kuchukua watoto. Mkutano ule ni siku nzima. Beba chakula. Kama Jumamosi unaweza kuipata, na sheria inawalinda wajumbe wa mikutano hiyo pia kwa taarifa ile ile ya siku kumi, basi nyoosha mkono darasani. Usisubiri upendekezwe, kwani huku hawajui kupendekeza mtu aliyenyamaza. Na kama maisha yako mwaka huu hayana nafasi ya yote mawili, kaa nyumbani bila kujilaumu na upige kura tarehe 11 Agosti na tarehe 3 Novemba. Kuna raia wema wengi wasiojua hata kokasi hufanyikia wapi.

Pa kufanyikia, ofisi ya Katibu wa Jimbo huweka kwenye tovuti yake mahali pa kutafuta kwa anwani yako, wiki chache kabla. Angalia nambari ya eneo lako na uiandike kwenye kiganja, ukikumbuka suti yangu. Meza hufunguliwa kama nusu saa kabla ya kikao. Na muhimu: nikisema saa moja jioni nasema kwa hesabu yetu, ambayo kwenye simu yako itasomeka 7:00. Mwaka juzi kuna kaka mmoja aliambiwa na shangazi yake "saa moja", akaenda saa saba mchana kwa sababu amekulia huku, akakuta watoto wanakula chakula cha shule.

Kwa jirani, mwambie hivi: "Nitakuja, nitamsikiliza mtu wako, na nitaamua nikiwa pale." Kisha muulize kama gari lake lina nafasi ya wawili, na kama ataleta sahani ya wali wa jollof, maana utakuwa umetoka kazini bila chakula cha jioni.